Video Itachezwa Wapi? Mwongozo kwa Wapiga Video wa Kitale na Bungoma

Programu za bure za kubadilisha video husifiwa kupita kiasi na kulaaniwa kupita kiasi. Mmoja atakwambia HandBrake ni dawa: aliipa faili ya gigabaiti kumi, ikamrudishia ya gigabaiti moja, na jicho lake halikuona tofauti. Mwingine, kwa programu iyo hiyo na pengine kwa kompyuta yenye nguvu zaidi, atasema imemharibia kazi: picha ina ukungu, faili imenenepa kuliko ya mwanzo, au runinga ya mteja imeikataa kabisa. Ukiyachambua malalamiko haya moja baada ya jingine, utaona machache tu yanaihusu programu yenyewe. Mengi yanatokana na swali ambalo halikuulizwa kabla ya kitufe kubofywa: video hii itachezwa wapi? Mwongozo huu ni wa yule anayerekodi harusi Kitale, mazishi Webuye, ibada Kimilili au sherehe za tohara vijijini Bungoma, kisha anatakiwa kumkabidhi mwenye shughuli kitu kinachofunguka. Dai lake ni kwamba kazi ya kubadilisha huanza kwenye skrini itakayoipokea video, na programu hufuata. Ukishaijua skrini, programu rahisi ya bure inakutosha. Usipoijua, hata ya kununua haitakuokoa.

Tuanze na kosa linalozaa mengine yote. Herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili, yaani MP4, MKV, MOV au AVI, ni kama maandishi ya nje ya gunia: hayakuhakikishii kama ndani mna mahindi au maharagwe. Ndani ya MP4 picha inaweza kuwa imebanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana, ya H.264, ambayo iliidhinishwa mwaka 2003 na leo inaeleweka na karibu kila simu, kompyuta na runinga bapa. Inaweza pia kuwa imebanwa kwa H.265 ya mwaka 2013, ambayo hubana vizuri zaidi lakini hukataliwa na vifaa vingi vya zamani. iPhone zimekuwa zikirekodi kwa H.265 tangu mfumo wa iOS 11 ulipotoka mwaka 2017, mwenye simu asipobadilisha mpangilio. Ndiyo maana klipu ya salamu kutoka kwa jamaa aliye Doha au Boston inacheza vizuri kwenye simu mpya ya binamu, halafu ikifika kwenye runinga ya sebuleni inatoa sauti na skrini nyeusi. Kubadilisha jina la faili kutoka MOV kuwa MP4, kama wengi wanavyoshauriana, hakugusi kilichomo ndani. Ili kujua kilichomo, fungua faili kwa programu ya VLC kwenye kompyuta ya Windows, kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Utaonyeshwa kodeki ya picha, kodeki ya sauti, vipimo vya picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Soma mistari hiyo kabla ya kufanya jambo lolote, pamoja na ule wa sauti, kwa sababu zipo faili ambazo picha yake haina tatizo ila sauti imebanwa kwa DTS, na runinga nyingi haziijui.

Ukishazisoma, mara nyingi utagundua kwamba faili haihitaji kubadilishwa. Kila inapochakatwa upya, video hupoteza kitu, na hakuna programu ya aina hii inayorudisha kilichopotea. Anayechukua klipu ndogo iliyobanwa na WhatsApp na kuipandisha hadi 1080p hapati picha safi zaidi. Anapata ukungu ule ule katika faili nene, kisha analalamika kwamba programu imeongeza ukubwa badala ya kupunguza. Programu ilifanya ilichoagizwa. Vivyo hivyo, ikiwa shida ni kukata dakika tano za mwanzo ambapo kamera ilikuwa inaangalia miguu ya watu, usichakate upya saa nzima ya video. LosslessCut, ambayo nayo ni ya bure, hukata bila kuigusa picha. Na kama lengo ni kumtumia mtu video kwa WhatsApp ikiwa na ubora wake, itume kama hati. Tangu mwaka 2022 WhatsApp hupokea hati za hadi gigabaiti 2, na hati haibanwi. Ukiituma kama video ya kawaida, WhatsApp yenyewe itaibana, na kazi yako yote ya kuchagua mipangilio itakuwa imepita bure.

Kuna flashi pia, ambayo hulaumiwa isivyostahili. Flashi nyingi huja zikiwa na mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4, hata kama flashi ni ya gigabaiti 32 na iko tupu. Mteja huambiwa flashi yake ni feki. Unaweza kuifomati upya kwa exFAT, lakini uliza kwanza, kwa maana runinga na redio za gari nyingi haziisomi exFAT. Hesabu yenyewe ni rahisi na inafaa kukaa kichwani: zidisha megabiti kwa sekunde mara idadi ya sekunde, gawanya kwa nane, upate megabaiti. Kamera za AVCHD, ambazo bado zinafanya kazi katika harusi nyingi, hufikia megabiti 24 kwa sekunde. Saa moja ni sekunde 3,600, kwa hiyo saa moja ya video hiyo ni takriban gigabaiti 10.8. Ukiishusha hadi megabiti 2 kwa sekunde, saa ile ile inakuwa megabaiti 900, na sauti ya kilobiti 160 inaongeza megabaiti 72. Maana yake ni kwamba shughuli ya saa mbili inaingia, kwa shida kidogo, ndani ya kikomo cha gigabaiti 2 cha WhatsApp, na inakaa vizuri kabisa kwenye FAT32. Hapa kubadilisha kuna sababu.

HandBrake ilianzishwa na Mfaransa Eric Petit mwaka 2003, na leo inatunzwa na watu wanaojitolea. Ni ya bure kweli: haina toleo la kulipia lililofichwa, haibandiki nembo yake juu ya video yako, wala haikupimii dakika. Ipo ya Windows, ya Mac na ya Linux. Ya simu haipo, na yeyote anayekuuzia "HandBrake ya Android" anakuuzia kitu kingine. Ipakue kutoka handbrake.fr peke yake, kwa kuwa kurasa zenye majina yanayofanana huifungasha pamoja na matangazo. Kwenye Windows, baadhi ya watu huishia njiani kwa sababu programu inadai kwanza .NET ya Microsoft, ambayo ni upakuaji wa pili. Tenga bando la kutosha kwa vyote viwili. Wako wanaosema kitu cha bure hakiaminiki, na hoja yao haikosi msingi: mwezi Mei 2017 mojawapo ya seva za kupakulia HandBrake ilivamiwa, na kwa siku chache baadhi ya watumiaji wa Mac walipakua nakala yenye kirusi. Lakini waangalizi wa mradi walitangaza jambo hilo wenyewe na kueleza jinsi ya kujikagua, na mradi huchapisha alama za uhakiki ambazo unaweza kuzilinganisha na faili uliyopakua. Linganisha hilo na nakala ya programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli, inayozunguka kwa flashi kutoka duka hadi duka. Ya pili haina wa kukutangazia.

Ukiifungua, vitufe ni vingi na vingi vyao havikuhusu. Buruta faili ndani ya dirisha. Kwenye orodha ya mipangilio iliyotayarishwa, chagua kulingana na jibu lako la mwanzo: "Fast 1080p30" kwa runinga kubwa ya kisasa, "Fast 720p30" kwa simu, runinga ndogo na skrini za matatu. Hakikisha chombo, yaani lile gunia la nje, ni MP4. Tazama kipande cha picha kwenye sehemu ya vipimo, kwa sababu programu hupenda kupunguza yenyewe kingo inazodhani ni nyeusi, na katika shughuli ya usiku hukosea. Ukiona imekata, zima upunguzaji huo. Usianze na faili nzima. Chagua sekunde sitini kutoka katikati, mahali penye watu wengi na mwendo, zibadilishe, uziweke kwenye flashi, ukazijaribu kwenye runinga ile ile ya mteja au inayofanana nayo. Jaribio hili huchukua muda mfupi kuliko kunywa chai, nalo hujibu maswali ambayo wapiga video hubishana juu yake bila kukoma.

Mahali panapohitaji akili zaidi ni kwenye ubora. HandBrake hukupa njia mbili: kutaja kasi ya biti unayotaka, au kutaja ubora usiobadilika kwa namba, ambapo namba ndogo ni ubora mkubwa. Wengi huchagua ya kwanza kwa sababu inawahakikishia ukubwa wa faili. Kwa kazi nyingi za huku, ya pili ni bora, na sababu yake iko mashambani kwetu. Kodeki huokoa nafasi kwa kuandika tu kile kinachobadilika kati ya fremu na fremu. Mhubiri aliyesimama mbele ya ukuta uliopakwa rangi hubadilika kidogo sana: mdomo, mikono, labda kitambaa cha jasho. Msafara wa kijana anayetembelea jamaa zake kabla ya kutahiriwa ni kinyume chake. Watu wanaruka, vumbi linapanda, mikono iko juu, na nyuma yao kuna shamba la mahindi ambalo kila jani linatikiswa na upepo. Kwa kodeki, jani la mahindi ni adui mkubwa kuliko umati. Ukiipa ibada na msafara kasi ile ile ya megabiti 2, ibada itapata biti ambazo haina kazi nazo, na msafara utageuka vipande vya mraba vinavyocheza. Ukitaja ubora usiobadilika, programu itatumia biti nyingi inapolazimika na chache pale pasipo na shida. Waendeshaji wa HandBrake hupendekeza namba 20 hadi 24 kwa 1080p, na 19 hadi 23 kwa 720p. Baki humo, na ukisogea, sogea hatua moja moja.

Hapo mteja atapinga: mbona ya jirani yangu ilikuwa megabaiti 700 na yangu imefika gigabaiti mbili, na zote ni za saa moja? Mjibu ukweli, kwamba ukubwa unatokana na kilichorekodiwa. Anayedai ukubwa mmoja kwa shughuli zote anadai kupoteza nafasi au kuharibiwa picha, mojawapo. Kuhusu sauti, usiibane kwa ajili ya kuokoa megabaiti thelathini. Kengele za chinyimba, zinazopigwa na kijana wa tohara, zina mlio mkali wa chuma, na sauti za namna hiyo ndizo za kwanza kuharibika kiwango kikishushwa sana. Zinaanza kusikika kama maji yanayotoka bombani. Kilobiti 160 zinatosha, na 192 ni salama zaidi.

Lalamiko la kwamba HandBrake ni ya polepole ni la haki, ila mara nyingi limeelekezwa vibaya. Kubana ni hesabu nyingi, na laptopu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika Ulaya haitazifanya kwa kasi ya mashine mpya. Programu huonyesha idadi ya fremu inazochakata kila sekunde. Ikiwa video ina fremu 25 kwa sekunde na kipimo kinasoma 50, saa moja itamalizika kwa nusu saa. Kikisoma 10, itakuchukua saa mbili na nusu. Ukiwa na kadi ya michoro au prosesa ya Intel inayosaidia, unaweza kuchagua ubanaji wa mashine, ambao ni wa kasi sana lakini huhitaji faili kubwa zaidi kwa ubora ule ule. Kwa klipu ya kutuma leo jioni, itumie. Kwa harusi ambayo familia itaitunza miaka ishirini, acha ile ya polepole ifanye kazi usiku. Tahadhari ni umeme. Faili ya MP4 huandikiwa faharasa yake mwishoni, hivyo mashine ikizimika kabla ya kumaliza, kilichobaki kwa kawaida hakifunguki. Katika miezi ya mvua, wakati radi za alasiri zinapovuruga umeme Trans Nzoia, mwenye kompyuta ya mezani asiyekuwa na betri ya akiba afadhali aigawe kazi: chagua sekunde za mwanzo na za mwisho, weka vipande vya nusu saa kwenye foleni, kisha viunganishe baadaye kwa programu nyingine. Umeme ukienda, utakuwa umepoteza kipande kimoja.

Pingamizi linalosikika sana ni hili: kwa nini nihangaike kusakinisha programu wakati kuna tovuti zinazobadilisha video bure? Jibu la kwanza ni bando. Faili ya gigabaiti 3 lazima ipande mtandaoni, kisha toleo jipya la gigabaiti 1 lishuke. Umelipia gigabaiti 4 kwa kazi ambayo kompyuta yako ingeifanya bila intaneti. Tena nyingi kati ya tovuti hizo zina kikomo cha ukubwa, na utakijua baada ya kusubiri. Jibu la pili ni zito zaidi. Unapopakia, unampa mtu usiyemjua picha za watu wengine. Tohara ya Wabukusu hufanyika hasa Agosti ya miaka ya shufwa, na msimu huo simu na kamera hujaa video za watoto wakiwa katika hali ambayo mila yenyewe inaiwekea mipaka ya nani aone na wakati gani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchakata data za mtoto, na inaweka masharti juu ya data zinazopelekwa nje ya nchi. Mpiga video anayeikabidhi faili hiyo kwa seva ya ng'ambo ili tu aipunguze ukubwa amelifanya jambo kubwa kwa faida ndogo. Picha za maiti na waombolezaji nazo ni vivyo hivyo, hata kama sheria isingekuwepo.

Lipo pingamizi jingine ambalo halijibiki kwa urahisi hivyo: wengi hawana kompyuta. Ni kweli, na mwongozo unaosema "nunua laptopu" haumsaidii mtu. Kwa mwenye simu tu, njia bora ni kulizuia tatizo kabla halijazaliwa. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, uchague kurekodi kwa 1080p au 720p badala ya 4K, na ikiwa simu ina chaguo la ubanaji wa hali ya juu au wa kuoana na vifaa vingi, chagua la kuoana, kwa maana hilo ndilo H.264. Video iliyorekodiwa hivyo haitahitaji kubadilishwa kwa matumizi ya kawaida. Ukilazimika, programu za simu zipo, lakini chunguza ruhusa inazoomba: ya kubadilisha video haina sababu ya kutaka orodha ya namba zako au mahali ulipo. Na uzime intaneti wakati programu inafanya kazi; ikigoma, huenda inapakia video yako mahali fulani. Kwa kazi kubwa, saiba ya mjini yenye HandBrake ni suluhisho la heshima, mradi ukae hapo hadi mwisho na ufute nakala zako kabla ya kuondoka.

Programu za kulipia zina nafasi yake kwa anayehariri, anayeweka maandishi na kuchanganya kamera tatu. Kwa kubadilisha tu, nyingi zinatumia kodeki zile zile ambazo HandBrake inatumia, zikiwa zimevishwa sura nzuri zaidi. Wahariri wenyewe huirudia HandBrake kwa jambo moja. Simu hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka, na klipu kama hiyo ikiingizwa kwenye programu ya kuhariri, midomo na sauti huachana kadiri video inavyoendelea. Ukiipitisha kwanza kwenye HandBrake, ukiwa umechagua kasi ya fremu isiyobadilika, hotuba ya baba wa bibi harusi itabaki na mdomo wake.

HandBrake haiwezi kila kitu. Haifungui DVD zilizofungwa kwa ulinzi wa hakimiliki, haiunganishi faili mbili kuwa moja, na tangu toleo la 0.9.4 la mwaka 2009 haitoi tena AVI. La mwisho linawagusa watu wa huku, kwa kuwa nyumba nyingi bado zina deki ya DVD yenye tundu la flashi ambayo haijui H.264 hata kidogo. Ukimpelekea mwenye deki MP4 safi kabisa, ataona ujumbe wa kukataliwa. Kwa deki hizo tumia VLC: fungua menyu ya kubadilisha na kuhifadhi, tengeneza wasifu mpya wenye chombo cha AVI, picha ya MPEG-4 na sauti ya MP3, na upunguze vipimo visizidi 720 kwa 576, kwa sababu deki nyingi hukwama juu ya hapo. Ile faili ya awali ibaki kwenye diski yako hadi mteja athibitishe kwamba ameitazama mpaka mwisho.